Samaki Wawili kwa Kila Nyumba

Levolosi, Arusha
15 Novemba 1994

Dada yangu Ndeshi,

Shikamoo. Natumaini vumbi na upepo wa Dodoma havijakushika kifua, na kwamba kozi yenu inaendelea bila walimu kukuchosha kama unavyowachosha wewe. Sisi ni wazima. Wifi yako Evelyn anakusalimu, na Nice anakuamkia wewe shangazi yake. Mvua za vuli zimeanza kwa kusitasita, na Meru hatujauona wiki nzima kwa mawingu. Jumapili baada ya ibada nilifika kwako Akheri. Migomba imesimama vizuri.

Umeniuliza mara mbili habari za tangi lako la samaki, na mara mbili nimekujibu habari za migomba. Leo nakujibu ulichouliza.

Uliniachia lile tangi la kioo likiwa na maji ya chumvi, mchanga na jiwe lako la baharini, ukaniagiza nitafute samaki wanaolifaa kwa ushauri wa Abdulhalim, yule Mtanga anayeleta samaki hai kwa basi kutoka pwani. Ulitaka ukirudi Januari wanafunzi wako, ambao bahari wameisoma ubaoni tu, waione ikipumua. Nilikwenda dukani kwake siku ya pili tu. Nakuomba uliandike hilo upande wa mema yangu, kwa maana ni machache.

Abdulhalim hakuniuliza napenda samaki wa rangi gani. Aliuliza tangi linaingia maji kiasi gani. Nikamjibu, debe moja na nusu. Akacheka, akasema kaka, hiyo si bahari, hiyo ni sufuria. Humo wanaingia wawili, basi. Akachagua mwenyewe: mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, na mwingine wa kijivu, mwembamba kama kidole, asiye na pambo lolote, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye tundu la jiwe na kuchungulia. Mimi nilikuwa nimewakodolea macho wale wa njano, wapana kama visahani. Akasema wale ni wasafiri na wanahitaji uwanja. Tena maji machache huchafuka na kuishiwa hewa upesi, hasa siku hizi za mgao wa umeme, kipampu cha hewa kinaposimama. Samaki wa tangi dogo, alisema, huchaguliwa kwa nafasi, hachaguliwi kwa macho.

Yalikuwa maneno ya maana. Lakini dada, wewe na mimi tuliipitia miaka ile ya uhaba. Mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri kwa kilo moja ya sukari, huku magunia yakitokea mlango wa nyuma, akiambiwa “wawili, basi” hasikii elimu. Anasikia mlanguzi. Na kana kwamba shetani alipanga, nikiwa bado mlangoni aliingia mwenye hoteli mmoja, akatoka na samaki saba, wa njano watatu! Nikajiambia, kumbe biashara huria ni huria kwa wenye hoteli, sisi wa Levolosi bado tuko kwenye mgawo.

Basi nikafanya tulivyofanya zamani. Unakumbuka uliporudi foleni mara ya pili umejifunga kilemba cha Evelyn? Wiki iliyofuata nilimtuma Evelyn mwenyewe, akajifanya ana tangi lake kubwa, akauziwa wawili wa njano. Kisha nikamtuma jirani yetu Lesikar, ambaye hajawahi kumtia samaki mdomoni. Alinisimulia kwamba alipouliza hawa wanapikwa kwa muda gani, Abdulhalim alimwambia, mzee, hawa wanakula, hawaliwi. Lesikar alilipa lakini akakataa katakata kubeba kitu kinachorukaruka. Akaenda zake kunywa chai. Ndoo alibeba Nice.

Tangi likawa na samaki sita, wa njano wawili wakiwemo. Lilipendeza kwa siku nne. Niliwaita majirani, nikawahutubia juu ya haki ya mnunuzi.

Jumanne, tarehe mosi, umeme ulikatwa asubuhi. Mimi nilikuwa Kisongo, Evelyn sokoni, Nice shuleni. Niliporudi saa kumi, watano walikuwa wanaelea.

Sikuwaza hata dakika moja kwamba kosa ni langu. Niliwaza sumu. Nikawaza kwamba Mtanga amegundua hila yetu akatuuzia wagonjwa makusudi. Nikakaa mezani nikamwandikia afisa biashara kurasa mbili za moto, kwamba mtu huyu anauza samaki waliotiwa dawa na maji yake ni hatari kwa watoto wa mtaa. Alhamisi afisa akalifunga duka. Nilipita pale kwa makusudi nione kufuli.

Ijumaa Nice alikataa kula. Nikamwuliza, akalia, akasema. Siku ile ya Lesikar, Abdulhalim aliitambua ndoo yetu ya bluu, ile yenye mpini wa waya. Alimwambia mtoto: mwambie baba maji hayajaongezeka, arudishe wanne kabla ya mgao, nami nitawapokea. Mtoto hakuniambia. Nilipomwuliza kwa nini, alisema aliogopa ningemwandika yule baba kwa wakubwa, kama kawaida yangu. Binti yangu, dada, alificha maneno ya kuokoa samaki ili amwokoe mtu na kalamu yangu. Na bado hakumwokoa.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Hiyo ilikuwa tarehe nne. Leo ni kumi na tano. Kwa siku kumi na moja nimeujua ukweli nikanyamaza, huku Abdulhalim akiwa amewahamishia samaki wake nyumbani, kwenye madebe na beseni la kuogeshea wanawe. Na ile barua kwa afisa haikuwa na jina. Chini niliandika “Mwananchi Mwenye Uchungu.” Mimi, niliyewaita waandishi wa barua zisizo na jina wachawi wa mchana, mbele yako, mezani kwa marehemu baba.

Leo asubuhi nilimwendea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa sababu matusi nina majibu yake. Hakunitukana. Aliuliza mambo mawili: kama yule mwembamba bado anachungulia, na kama nilimpiga mtoto. Nikamjibu, anachungulia, na sikumpiga. Nikamwomba anichagulie mwenzake, kwa ajili ya wanafunzi wako. Akasema atamchagua siku atakayoliona jina langu mezani kwa afisa.

Kesho saa tatu tunakwenda wote wawili. Barua ya kufuta ile ya kwanza nimekwisha kuiandika; haifiki hata nusu ukurasa. Nimeisaini kama ninavyoisaini hii, ili mkono uzoee.

Wasalimie wote unaosoma nao. Ukiona vema kunijibu, tuma salamu kwa Nice kwanza.

Ni mimi mdogo wako,

Efraimu Sumari