Shukrani za Mfaume Makaburini

Kinondoni,
Dar es Salaam.
14 Machi, 1951.

Mpendwa Kaka Marijani,

Shikamoo. Habari za Tabora, na kifua chako kinaendeleaje? Sie huku wazima, ila goti langu linaniuma tangu siku ya mazishi.

Uliniuliza dada yetu Chausiku alizikwaje. Alizikwa kwa aibu, na sababu ni mwanawe Mfaume, huyo mpwa wetu unayemsifu kila barua.

Mwaka jana baba yake alipofariki, majirani walichimba kaburi na kubeba jeneza. Mfaume, tai shingoni, akapanda juu ya kifusi akawashukuru kwa Kiingereza. Sentensi zile alizinyoosha kwa mwalimu wake wa jioni hata zikasimama sawasawa. Watu tukakodoa macho tu. Mpumbavu yule akashuka anajiona kamaliza yote.

Jirani yetu Mwinshehe akafiwa na mtoto, Mfaume haonekani, yuko darasani. Wengine wakafiwa, vivyo hivyo. Nilipomkemea akanijibu, "Mjomba, mie si niliwashukuru wote siku ile? Tena kwa Kiingereza safi!" Nilitamani kumzaba kofi. Hapa mtaani nani anashukuriwa kwa maneno msibani? Ukitaka kuzikiwa wako, nenda kazike wa wenzio.

Basi Chausiku alipofariki, wanawake walijaa ndani mpaka uani, maana mwenyewe hakukosa msiba wa mtu. Wanaume tulikuwa sita. Kaka, jeneza la dada yetu halikuwa na wa kulipokea. Tulilibeba wale wale mpaka makaburini, nami na goti hili. Nililia njiani, sikuficha.

Kaburi lilikuwa halijesha. Tulimkuta Mwinshehe peke yake shimoni, anachimba. Mfaume akamsogelea, akajikohoza, akaweka tai sawa. Nikamwambia, "Ukithubutu kusema thenkyu nakutia humo humo. Shika jembe!" Akashika. Hata kulishika hajui.

Nawe punguza kumsifu. Mama yake Mwinshehe yu mahututi, na nimemkataza Mfaume kwenda darasani wiki hii.

Msalimie shemeji Zuena na binti yetu Somoe. Mola akupe afya na umri, na siku yako ikifika, akupe watu wa kukubeba.

Mdogo wako akupendaye,
Salumu