Jumapili Nilizozifuta

Jumapili, Columbus, Marekani. Theluji imegeuka matope na sijatoka tangu asubuhi. Hata kanisani sikwenda. Naona aibu.

Baridi ilipoanza niliandika programu ya kuiga jinsi nyumba inavyopoteza joto. Nilihitaji vipimo vya nyumba halisi, nikamwomba Baba, kule Buffalo. Akatundika kipimajoto sebuleni, na kila siku saa kumi na mbili jioni anaandika namba kwenye daftari, hata akirudi hoi kutoka kiwandani Tonawanda. Hajaruka siku.

Namba zake zilikubaliana na programu yangu, isipokuwa za Jumapili. Jumapili joto lilipanda bila sababu. Nikajiambia mzee amechoka, anasoma vibaya. Nikazifuta zote. Kisha kwenye tovuti yangu, ile ninayoipamba ili waajiri wanione, nikaandika kwa Kiingereza kwamba vipimo visivyoaminika vimeondolewa.

Sikumuuliza.

Jana dada yangu Neema, anayeishi naye, alimfungulia ukurasa huo na kumfasiria mstari kwa mstari. Anasema mzee alivaa miwani kabisa, akingoja kusikia jina lake. Halikuwapo. Akanipigia. Hakugomba, afadhali angegomba.

"Mwanangu, Jumapili si watu wanakuja kusali hapa? Umesahau?"

Nimekulia kwenye ibada hizo tangu tukiwa wakimbizi kambini Tanzania. Sasa zinafanyika nyumbani kwa Baba, mtaa wa Kensington-Bailey: sebule imejaa watu, wengine wageni kutoka Louisville, wanaimba, na sufuria kubwa ya chai inachemka jikoni. Nyumba itakosaje kupata joto? Kwenye programu niliweka kuta, madirisha, hata zulia. Watu sikuwaweka.

Injinia mzima mimi.

Leo nimezirudisha Jumapili zote, nikaongeza watu na chai. Programu sasa inakaribiana na daftari la Baba. Jina lake nimeliweka juu ya langu. Lakini sijapata amani, maana niliamini kompyuta haraka kuliko mtu aliyenilea.

Jioni hii nilimpigia kuomba radhi. Alisema yameisha. Nyuma yake walikuwa wanaimba, na saa kumi na mbili ilikuwa imefika.

"Leo ni Jumapili," akaniuliza taratibu. "Niandike, au niache?"

Nimemwambia aandike. Jumapili ijayo nitakuwa sebuleni pale, na joto langu nalo aliandike.