Mparachichi Uliokatwa Mkanda

Jumanne, 11 Machi

Nimepandikiza miche thelathini na moja kabla ya chai. Vikonyo, vile vijiti vya kuunga kwenye miche, vikaisha. Nikachukua kisu, nikaenda kukata vingine kwenye mparachichi wa marehemu Baba. Kila mche niliowahi kuuza hapa Ruiri umetoka kwa mti huo. Hakuna mwingine wa aina yake. Mwaka huu umezaa hadi matawi yameinama, na mdogo wangu Mutwiri amezunguka kijiji kizima akijisifu.

Shinani palikuwa na majani makavu ya migomba. Nikayatoa. Gome limekatwa mzunguko mzima, upana wa kiganja. Hapo pamebaki mbao tupu, kavu kama mfupa.

Mutwiri. Nani mwingine?

Nimekasirika hadi mwandiko umeharibika.

Jumatano, 12 Machi

Amekubali. Alikata Agosti, nilipokuwa Embu nikimuuguza shangazi. Mti ukichelewa kuzaa, Baba alikuwa akitoa gome upande mmoja tu, kipande cha nusu duara. Mutwiri akaona akimaliza duara atapata mara mbili. Na akapata. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ananionyesha majani, eti ni ya kijani. Bila shaka ni ya kijani! Maji hupanda ndani ya mbao, na mbao hakuigusa. Sukari ndiyo hushuka kupitia gome. Majani yanapika, matunda yanakula, mizizi haijapata kitu tangu Agosti. Akiba yake ikiisha itakufa, na maji hayatapanda tena. Mjinga kabisa.

Jumapili, 16 Machi

Mutwiri alipeleka karai la maparachichi kanisani, malimbuko. Pasta akamsimamisha. Makofi. Mimi na diploma yangu ya kilimo tulikaa benchi la nyuma tukisaga meno.

Baada ya ibada wanaume watatu wakamuuliza alifanyaje. Akaanza kuwaeleza! Nikamkatiza mbele yao wote, kwa sauti. Mama alinitangulia njia nzima. Sijali.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imelainisha gome, sasa linabanduka vizuri. Nimejenga madaraja. Vikonyo vinane, kila kimoja mguu wake umeingizwa chini ya gome la chini ya jeraha, kichwa chake chini ya gome la juu. Nimevifunga kwa nailoni. Vijiti vinane vya unene wa penseli, kushusha chakula cha mti mzima.

Mutwiri alisimama nyuma yangu. Nikamwambia aondoke. Hakuondoka.

"Lakini sista, si ni wewe ulisema? Ile Krismasi. Ulisema ukikata gome, sukari inakosa njia ya kushuka, inabaki huko juu kwa matunda."

Nilisema. Nakumbuka nilivyojifanya mwalimu, paja la kuku mkononi. Kisha wageni wakaingia. Habari ya mizizi sikuimaliza.

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Alhamisi, 17 Aprili

Vikonyo vitano vimekauka. Vitatu vimeshika. Majani ya kileleni yameanza kuwa manjano.

Nimemchorea Mutwiri kwa makaa kwenye ukuta wa ghala. Maji yanapanda hapa. Sukari inashuka hapa. Nikamwonyesha mkanda, na kilichobaki chini ya mkanda. Safari hii nilimaliza. Nikamwambia pia kwamba matunda yanakula sukari ile kidogo ambayo madaraja matatu yangeishusha.

Akauliza kama kweli mizizi imelala njaa tangu Agosti. Nikasema ndiyo. Akapitisha kidole ukutani, chini ya mkanda, hadi kwenye mizizi. Sikumhurumia. Labda kidogo.

Jumapili, 27 Aprili

Mutwiri hakuja kanisani. Tuliporudi tulimkuta juu ya mparachichi, shati limelowa. Ameangua karibu matunda yote, hata yale yasiyokomaa. Yamejaa nyasini, magumu, hayafai kitu. Wale wanaume watatu walipita njiani, wakasimama, wakamtazama. Hakuwageukia.



Matawi ya juu yalikuwa yamebaki. Nikavua viatu vya kanisani, nikaenda kumshikia ngazi.