Dhamana ya Baba Imeiva

Bimdogo, niko Masasi nje ya benki, nimekaa kwenye ngazi. 

Ile dhamana ya serikali ya siku 364, niliyonunua kwa jina langu na pesa ya korosho za baba, imeiva leo. Wewe uliniambia weka kwenye mfuko wa uwekezaji, mzee akiwa na shida mnatoa ndani ya siku chache. Nikakuona hujui hesabu. Nilitaka faida kubwa.

Machi aliniomba kidogo akatibiwe tumbo. Nikamwambia zimefungwa mpaka Desemba. Akasema, "Haya mwanangu, nitasubiri."

Hili sijawahi kukwambia. Ile dhamana ilikuwa inauzika mapema kwa hasara ndogo. Nilijua. Nikaionea uchungu ile faida.

"Nitasubiri." Agosti tukamzika.

Sasa leo dada wa dirishani kaniuliza, "Pesa tuzirudishe kwenye dhamana tena mwaka mmoja?" Nikamjibu, ngoja nimuulize baba.

Nimesema hivyo, Bimdogo, mbele za watu. Nikatoa simu nikapiga namba yake. Na simu ikaita.

Ikaita mara tatu, ikapokelewa. Nusura niitupe. Kumbe ni mama, kule Chiwata. Nikamuuliza mbona simu ya marehemu iko hewani.

Akasema, "Naichaji kila siku. Baba yako aliniambia nisiizime. Alisema pesa zikitoka utapiga."