Ukuta Ulionitumia

S.L.P. 3147,
Mowlem, Nairobi.
14 Agosti 1983

Mpendwa binti yangu Nduta,

Pokea salamu za mama yako kabla hujapokea za mtu mwingine. U mzima? Kifua kimepona? Naambiwa Ujerumani sasa ni joto, lakini usivue sweta. Sisi hatujambo, ila goti la baba yako, nawe unalijua.

Kabichi zangu zinauzika. Kila mnunuzi namwambia binti yangu anatengeneza lenzi ya kamera itakayopanda na roketi, ione upana wa dunia kwa mara moja. Asiyetaka kusikia, akanunue kwingine.

Sasa nina neno limenikaa rohoni. Shangazi yako Wacera umemtumia picha yako, umevaa koti jeupe, unacheka. Mimi umenitumia ukuta. Ukuta wa matofali, Nduta! Hata paka hayumo. Yeye picha yako ameitundika sebuleni kwake Buruburu, juu ya televisheni, na wageni anawaambia, "Huyu ni mama yangu." Kweli, una jina la mama yao, yeye na baba yako, ndiyo desturi yetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Lakini aliyekubeba mgongoni miaka miwili si Wacera.

Nilikasirika, hata barua yako sikuimaliza. Ukuta nikausukuma chini ya godoro.

Jumamosi alikuja Muindi, yule mpiga picha mwenye studio hapa mtaani. Nikamwonyesha ili anisaidie kulalamika. Akaushika kwenye mwanga, akaufuata mstari wa matofali kwa kidole.

"Mama Nduta, mimi nikipiga na lenzi pana, ukuta unatoka umepinda kama ndizi. Tazama huku pembeni: mstari umenyooka mpaka mwisho. Huyu mtoto wako ni fundi!"

Kumbe ndiyo kazi yenyewe! Ndipo nikaimalizia barua: kwamba lenzi mliitikisa kwa mashine, mkaigandisha kwa baridi, kuona kama itaihimili safari ya roketi, na bado ukuta mlioupiga nayo ukatoka sawa. Jumapili nikaubeba mpaka kanisani. Nikamwambia Wacera mbele ya akina mama, "Wewe una koti, mimi nina kazi." Akaomba tubadilishane. Nikamjibu, "Ng'o!"

Lakini nikisema nimeridhika nitakuwa nadanganya. Ukuta haucheki. Miaka minne sijaona uso wako, na Wacera anauona kila akinywa chai. Chukua lenzi hiyo hiyo, usimame mbele ya ukuta, upigwe picha, unitumie mimi peke yangu. Muindi anasema lenzi pana humtanua uso anayesimama pembeni kabisa. Basi simama hapo hapo pembeni, utanuke. Nataka uso mkubwa kuliko ule wa Buruburu.

Baba yako na kaka yako Muturi wanakusalimu sana. Shangazi yako ana kalamu yake, akuandikie mwenyewe. Mungu ayalinde macho yako na hiyo mikono isiyotetemeka.

Ni mimi niliyekuzaa, nisiye na mpinzani katika kukupenda,

Mama yako,
Wakiuru