Kwa Fundi Kipimo, Uliyempeleka Mdogo Wako kwa Daktari wa Moyo

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka ukiwa kitini dukani kwako, sindano ingali imechomekwa kwenye ukosi wa shati.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Kipimo, maana hukuweza kusalimiana na mtu bila kumpima kwa macho. Sare za shule ulizishona na pindo nene kwa ndani, kimyakimya. Mwaka uliofuata mzazi akija kulalamika kwamba mtoto amerefuka, ulifumua uzi, ukateremsha suruali, ukasema, "Nenda mama, urefu ulikuwa umo humo humo." Chaki uliibana nyuma ya sikio, na mara ngapi ulilala nayo!

Tunayakumbuka pia maumivu yako, ingawa hukupenda yatajwe. Yalianza mgongoni hujafika arobaini, yakashuka nyongani, yakaingia magotini. Hospitali wakasema baridi yabisi. Ukameza vidonge miaka kumi na tisa, vikakuunguza tumbo, na magoti yakawa yale yale. Wateja wakasema ni cherehani, umeinama mno. Nawe ukajilaumu: "Mwili nimeutumikisha mwenyewe, nimlaumu nani?"

Halafu akaja daktari yule wa viungo, binti mdogo kuliko kitinda mimba wako. Uliingia chumbani kwake na chaki yako sikioni, na kabla hajakugusa goti ulikuwa umeshaanza.

"Daktari, koti lako bega la kushoto limeshuka."

"Nitakuletea dukani, mzee. Kwanza toa hiyo chaki nikuone sikio."

Akalitazama kwa muda mrefu. Ukingo wake ulikuwa wa buluu iliyofifia, kama uliopakwa wino. Sisi tulikuwa tukiuona miaka yote, tukadhani ndivyo ulivyoumbwa. Akamgeukia Mama.

"Shati zake huingia madoa kwapani?"

"Ya kahawia! Nimebadilisha sabuni mpaka nimechoka. Hata muuza vitambaa nimegombana naye."

Akaomba mkojo wako, akauacha kwenye chupa dirishani. Tuliporudi mchana ulikuwa umegeuka mweusi kama kahawa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa alkaptonuria. Ni wa kurithi, tena wa nadra sana, na kwa nje hufanana na baridi yabisi. Kuna kitu ambacho mwili hushindwa kukivunjavunja, kikawa kinajikusanya kwenye viungo mwaka hadi mwaka mpaka vinakakamaa. Daktari hakukuficha kwamba vilivyoharibika havitarudi. Tuliogopa utakata tamaa. Wewe ulitoka nje, ukakaa kwenye benchi, ukasema taratibu, "Kumbe si mimi." Hatukuwahi kukuona umetulia namna ile.

Lakini daktari alikuwa na neno lingine: ndugu zako nao wapimwe, maana ugonjwa huo huingia hata kwenye vali za moyo, vile vilango vya kupitishia damu. Hapo ukakumbuka nepi za mdogo wako, zilivyokuwa zikibadilika rangi kwenye beseni, na Bibi akimshutumu dobi. Kesho yake ulikuwa sebuleni kwa Shangazi, fimbo mkononi.

"Kaka, mimi ni mgongo tu. Utu uzima."

"Hata mimi nilikuwa mgongo tu."

"Hospitali siendi."

"Basi nitandikie hapa hapa. Sitoki."

Ulikaa siku mbili, Baba. Ya tatu alichoka kusikia mapazia yake yamekatwa upogo, akavaa viatu.

Mlipimwa moyo nyote wawili, na vali yake ilikuwa imebana kuliko yako. Daktari wa moyo akaamua atangulie yeye kupasuliwa, nawe ufuate baada ya wiki tisa. Ulishangilia kama aliyeshinda bahati nasibu. Alipasuliwa, akapona. Wewe zilikuwa zimekubakia siku kumi na moja tu zamu yako ifike.

Tangu maziko Shangazi hakukanyaga kwetu kwa miezi mingi. Alipokuja, hakuvuka hata kizingiti.

"Wifi, mimi nimemla kaka yangu siku zake."

Mama akamshika mkono. "Sikiliza, wifi. Siku uliyozinduka alipigiwa simu, nikiwa naye. Alikata simu akaniambia, 'Leo hata goti haliumi.' Sasa furaha yake hiyo unataka kumnyang'anya?"

Walilia pale pale mlangoni, kisha Mama akamwingiza ndani.

Hatusemi uchungu umekwisha. Zipo siku tunazihesabu zile kumi na moja, tukajiuliza ingekuwaje. Lakini wewe ulijua moyo wako nao unabana, na hukunung'unika hata mara moja. Sisi wanao tumepimwa, tu salama. Daktari wako alileta koti lake dukani wiki moja baada ya mazishi. Fundi uliyemfundisha akalipandisha bega na kukataa malipo.

Shangazi sasa anapanda ngazi zetu bila kupumzika katikati. Ameomba katika tangazo hili atajwe wa kwanza, na Mama ameridhia.

Unakumbukwa na mdogo wako wa pekee, mke wako, wanao watatu na wakweo, wajukuu zako watano, na mafundi wote waliopitia mikononi mwako.

Maadamu tuko hai, Baba, hutasahaulika.