Salamu Nilizokujibu

Segese, Msalala

Mdogo wangu Mama Masele,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa mwili. Habari za moyo wako naogopa kuziuliza. Huku Segese tupo. Mvua imegoma, mahindi yameishia magotini.

Naandika kwa sababu simu hainifai, na meseji zangu huziandika mwanangu Abel. Utashangaa, maana yeye mwenyewe aliwatangazia kwamba baba yake sasa anasikia. Aliuza nyumba yake ya Kalangalala ili nipandikizwe kifaa cha sikio kule Dar es Salaam, baada ya kelele za karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kuyala masikio yangu miaka yote ile. Wala madaktari hawakutudanganya. Kwenye chumba kimya, binti wa mazoezi ya kusikia aliziba mdomo kwa karatasi na kutamka maneno. Mwanzoni nilisikia milio tu, kama kuku wanagombana. Baada ya miezi nikawa nayarudia mengi sawasawa. Abel alilia pale pale mlangoni.

Basi, maendeleo yangu yamebaki kwenye chumba kile. Nyumbani watu wanasema upesi, Kiswahili na Kisumbwa pamoja, redio inaimba, sauti zote zinapandana. Nilipopimwa mara ya mwisho, Abel akiwa nje, yule binti aliniambia taratibu kwamba nilikaa na uziwi muda mrefu mno, zaidi ya hapo tusitegemee. Nilimwomba asimwambie Abel.

Ila salamu hazinishindi. Zina mpangilio wake: shikamoo, nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Namwangalia mtu, akifunga mdomo naweka jibu langu. Siku Abel alipochinja mbuzi kulishangilia sikio langu, watu walipanga foleni kunisalimu, nikawajibu wote, wakapiga makofi. Nilijivuna, nisikufiche.

Ndipo ukaja wewe. Ulinishika mikono yote miwili, ukasema maneno mengi, nami nikadhani ni furaha yako kwangu. Nikakujibu kwa sauti kubwa kwamba tunamshukuru Mungu, hivi ndivyo tulivyokuwa tunaomba. Watu wakatazamana. Nikacheka peke yangu. Ukaniachia mikono ukaondoka.

Kesho yake walinipakia kwenye gari kuja kwako Masumbwe. Nilipoona wanawake wanalia, nilijua ni msiba. Wa nani, sikujua, na ningemuulizaje mtu jambo nililoambiwa mbele ya wote? Nililisoma jina la Masele kwenye msalaba, na mengine kwenye karatasi ya wasifu wake. Mwanao amefukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la machimbo, akichimba dhahabu, nami mjomba wake nimemshukuru Mungu.

Sikukusikia, Agatha. Hata neno moja. Wanasema mzee Anatoli ana roho mbaya, na Abel mwenyewe tangu siku ile hanitazami usoni. Waache. Nikiusema ukweli, atajua nyumba yake imekwenda bure, na wanawe wanalala chumba kimoja kwa ajili ya sikio hili. Nakuomba usimwambie. Kunisamehe sijui utaanzia wapi; mimi nisingeweza.

Bhoke, mke wa Abel, anakusalimu sana. Nisalimie wote hapo nyumbani. Siku ukijaliwa kuja, usinisalimu. Kaa tu karibu nami.

Ni mimi kaka yako,
Anatoli